Kumleta Bibi Visiwani: Mwongozo wa Safari ya Familia Nzima kutoka Ndungu hadi Unguja na Pemba

BismiLlaahir-Rahmaanir-Rahiym

Sifa njema zote ni za Allaah, na Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Zinapokaribia likizo za skuli huja maswali yanayofanana kutoka kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba waliooa au kuolewa bara. Mukhtasari wake ni huu: wazazi wako Ndungu, wilaya ya Same. Mama mkwe hatembei tena, baba mkwe ana sukari, wajukuu ni wadogo. Watu wa nyumba wanataka wazee waje visiwani, wakae siku chache pamoja na watoto na wajukuu, waone bahari. Je, si kuwasumbua? Wataswali vipi njiani? Nani atambeba mama kwenye boti?

Tumeona tuyajibu pamoja, mambo ya safari na hukmu za Shari'ah kwa mfuatano, ili familia isome mara moja na kujipanga. Katika fiqhi tumefuata madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, ambayo ndiyo ya wengi visiwani, na penye khitilafu inayowagusa wagonjwa tumeitaja.

Msingi: mwendo wa aliye dhaifu

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alipomfanya 'Uthmaan bin Abil-'Aasw kuwa imamu wa watu wake, alimtaka amwangalie aliye dhaifu zaidi kati yao na aswalishe kwa kadiri yake. Ikiwa Swalah ya dakika chache hupimwa kwa mnyonge wa safu, basi safari ya siku mbili ina haki zaidi ya kupimwa hivyo.

Familia nyingi hufanya kinyume. Hupanga safari ya vijana, kisha hutafuta pa kumpachika bibi. Matokeo yake ni mawili: bibi huachwa nyumbani "asisumbuke", au huletwa na kuteseka. Anzeni na yeye. Muda wa gari, boti, chumba, choo na chakula vipangwe kwa anachokiweza, na wengine wote watajikuta wamepata nafasi ndani yake.

Na muulizeni mwenyewe kabla ya kukata tiketi. Mzee si mzigo wa kusafirishwa. Huenda anatamani kuja ila anaona haya kusema kuwa hawezi kukaa saa nyingi bila ya kwenda haja. Huenda hataki kabisa, na hilo ni haki yake. Mtoto wake wa karibu amuulize faraghani, si mbele ya kikao cha ukoo ambapo atajibu "ndiyo" ili asiwavunje moyo.

Wakati wa kuja

Mambo matatu yaangaliwe: mvua, upepo na mwezi.

Mvua: masika, baina ya Machi na Mei, si wakati wa kumtoa mzee Ndungu. Ndungu iko tambarare chini ya milima ya Upare wa kusini, na makorongo yanayoshuka kutoka milimani hujaa ghafla na kuikata barabara. Anayetoka vijiji vya juu ana kazi zaidi, kwani ni lazima kwanza ashuke mlima.

Upepo: kusi linapovuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia hapo hapo. Mwenye uwezo wa kuchagua achague tangambili, kusi likiwa limelegea na kaskazi halijashika, takriban Oktoba na Novemba, akiangalia na mvua za vuli. Anayefungwa na likizo ya Desemba ajue kuwa joto la visiwani wakati huo ni kali kwa mzee wa milimani.

Mwezi: kalenda ya Kiislamu ni msaada mkubwa hapa. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huja takriban tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23 za mwezi wa Hijri. Kwa pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kiasi cha saa 4 au 5 asubuhi na kujaa kiasi cha saa 10 au 11 jioni. Siku za maji mafu mambo hukaribia kugeuka. Faida ya hesabu hii mtaiona tutakapofika bandarini na ufukweni.

Njia ya nchi kavu

Kutoka Ndungu kuna pande mbili. Upande wa kaskazini barabara hupita Maore na Kisiwani hadi Same mjini. Jina lisiwapoteze watoto: Kisiwani hii ni kata ya Same, haina bahari. Upande wa kusini hupita Kihurio na Bendera hadi barabara kuu itokayo Moshi, upande wa Mkomazi. Kwa anayekuja visiwani upande wa kusini ndio wa karibu. Kabla ya siku ya safari mpigieni simu mtu wa Ndungu awaambie hali ya barabara, maana vipande vya vumbi humchosha mwenye maumivu ya mgongo kuliko safari yote ya lami inayofuata.

Mkifika barabara kuu mtapita Mombo na Korogwe hadi Segera. Hapo njia hugawika: kushoto Muheza na Tanga, na mbele Chalinze kuelekea Dar es Salaam. Tanga ni karibu zaidi na Ndungu, na iko ng'ambo ya Pemba. Lakini boti za Tanga si za kila siku kama zilivyo za Dar es Salaam kwenda Unguja, na ratiba hubadilika. Msiondoke Ndungu kwa kutegemea boti ya Tanga mpaka mmethibitisha siku na saa na mwenye boti.

Shauri letu kwa mwenye mzee: msiunganishe gari na boti siku moja. Siku ya kwanza Ndungu hadi mji wa bandari, mlale kwa ndugu au nyumba ya wageni. Siku ya pili asubuhi, bahari. Siku ya tatu hakuna matembezi, ni kupumzika tu. Mkiweza kukodi gari dogo la familia, gharama yake huenda isizidi sana nauli za basi za watu saba au wanane, na mtasimama mnapotaka. Mkipanda basi, ombeni viti vya mbele karibu na mlango na mwambieni kondakta mapema kuwa mna mtu asiyetembea. Simameni kila baada ya saa mbili hivi. Asiyeweza kushuka anyooshwe na kukunjwa miguu hapo hapo, kwani kukaa muda mrefu bila ya kutikisa miguu huweza kugandisha damu.

Bandarini na ndani ya boti

Dar es Salaam hadi Unguja kwa boti ya kasi ni kiasi cha saa mbili. Wakati wa kukata tiketi semeni wazi: "Tuna abiria wa kiti cha magurudumu." Ulizeni mambo manne: kama kuna kiti cha kuazima bandarini, kama kiti chenu kitapakiwa bila ya kukunjika vibaya, kama mtaruhusiwa kupanda kabla ya msongamano, na kama kuna choo katika ghorofa mtakayokaa. Kila msafiri mzima awe na kitambulisho mkononi.

Maji yakiwa yamepwa sana, daraja la kupandia huweza kuwa na mteremko mkali. Ndiyo maana tumetaja bamvua. Kiti cha magurudumu kishushwe kinyumenyume, mtu mmoja nyuma akishika na mwengine mbele. Mahamali waambiwe kazi na bei kabla ya kugusa mzigo, na asiachiwe hamali peke yake kumsukuma mzee.

Kaeni chini na katikati au nyuma ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo. Mzee ale kidogo, chakula kikavu, saa moja au mbili kabla. Dawa za kichefuchefu huleta usingizi na huweza kugongana na dawa za presha, kwa hiyo aulizwe daktari au mfamasia kwanza. Mwenye sukari anayetumia sindano aangaliwe zaidi: akijidunga kisha akatapika alichokula, sukari huweza kushuka ghafla. Awe na kitu kitamu mfukoni, na aliye karibu naye ajue dalili zake: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa.

Tusisahau tulichojifunza kwa machungu. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikiwa njiani kwenda Pemba, siku chache baada ya 'Iyd, ikiwa imejaza kupita kiasi. MV Skagit ikazama 18 Julai 2012 karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam, katika bahari chafu ya kusi. Allaah Awarehemu waliofariki. Kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia. Chombo kikionekana kimejaa kuliko kiasi, au bahari imechafuka, rudini mkalale mngoje siku ya pili. Mara tu mnapokaa, ulizeni maboya ya kuogelea yako wapi na mmoja wenu apewe jukumu la mzee, mwengine la mtoto mdogo.

Swalah safarini

Ndungu hadi Unguja au Pemba ni zaidi ya masafa ya safari, ambayo wengi huyakadiria kilomita 81. Kwa hivyo msafiri akishatoka mipaka ya mji wake anaruhusiwa kufupisha Adhuhuri, Alasiri na 'Ishaa kuwa rakaa mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na 'Ishaa.

Kukusanya ndiyo nafuu kubwa ya mzee, kwani wudhuu mmoja na kituo kimoja hutosha kwa Swalah mbili. Akikusanya kwa kutanguliza, aanze na Swalah ya kwanza, anuie kukusanya kabla ya kuimaliza, na asitenganishe baina yao kwa muda mrefu. Akikusanya kwa kuchelewesha, anuie hivyo kabla ya wakati wa Swalah ya kwanza kutoka.

Kuhusu muda wa kukaa: kwa madhehebu yetu, anayenuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, anaswali kamili tokea anapofika. Mfano, akifika Jumamosi na kuondoka Jumatano, katikati ni siku tatu: anafupisha. Akiondoka Alkhamisi, katikati ni siku nne: anatimiza. Mtoto aliyekwenda Ndungu kuwachukua wazee, akishaingia mji anaokaa Unguja safari yake imekwisha, naye anatimiza. Na mgeni akiswali nyuma ya imamu mkaazi, anatimiza pamoja naye.

Asiyeweza kusimama aswali amekaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu, kama Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alivyomwelekeza 'Imraan bin Huswayn aliyekuwa mgonjwa. Anayeswali juu ya kiti ainame kwa rukuu, na kwa sujuud ainame zaidi. Anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu asimame katika kisimamo, kisha akae kwa sujuud. Mafaqihi wetu walitaja pia msafiri wa baharini: anayeogopa kizunguzungu akisimama chomboni aswali amekaa.

Qiblah chetu kiko kaskazini takriban. Boti itokayo Dar es Salaam kwenda Unguja inaelekea kaskazini, basi Qiblah kiko mbele yake kwa kukadiria. Itokayo Tanga kwenda Pemba inaelekea mashariki, basi kiko kushoto. Lakini kwa safari ya saa mbili bora ni kuswali kabla ya kupanda au baada ya kushuka. Kwenye basi, ambako Qiblah na kisimamo havipatikani, pangeni Swalah kwenye vituo. Ikiwa wakati unatoka na dereva hasimami, aswali kadiri anavyoweza kwa kuheshimu wakati, kisha airudie akifika, kwa kauli ya madhehebu yetu.

Je, mgonjwa asiye msafiri anakusanya? Kauli mashuhuri ya Mashaafi'iy ni kuwa hakusanyi kwa ugonjwa, lakini baadhi ya wakubwa wao waliona inajuzu, akiwemo Imaam An-Nawawiy aliyeitia nguvu kauli hiyo, na ndiyo kauli ya Mahanbali. Mwenye dhiki ya kweli ana nafasi hapo.

Tohara

Beba chupa ya maji ya wudhuu na beseni dogo. Wudhuu huchukuliwa kwenye kiti kwa maji ya kikombe kimoja au viwili, ilimradi yapite juu ya kiungo. Kutayammam ni kwa aliyekosa maji au yatakayemdhuru maji, na kwetu ni kwa udongo safi wenye vumbi, kwa kila Swalah ya faradhi.

Mzee anayechoka kuvua viatu anaweza kuvaa khofu akiwa na wudhuu, na msafiri akapaka juu yake siku tatu mchana na usiku, kuanzia anapotengukwa na wudhuu baada ya kuzivaa.

Asiyezuia mkojo, au mwenye mpira wa mkojo, ajisafishe, avae kinga, atawadhe baada ya wakati kuingia, na aswali bila ya kuchelewa bila ya dharura. Kinachotoka baada ya hapo hakimharibii. Kwetu atatawadha kwa kila faradhi, na Mahanbali wamempa wepesi wa wudhuu mmoja kwa wakati mmoja. Wengi huacha Swalah kwa kuona haya ya jambo hili. Waelezwe kwa upole kuwa Dini haikuwafungia mlango.

Magurudumu ya kiti yasiwe sababu ya kumzuia mtu msikitini. Yafutwe kwa kitambaa cha maji mlangoni. Palipo na najisi inayoonekana paoshwe.

Mahram, na nani ambebe

Safari hii si ya faradhi, kwa hiyo mwanamke asafiri na mume au mahram. Wengi hawajui kuwa mkwe wa kiume ni mahram wa mama mkwe wake daima: anaweza kusafiri naye na kumbeba, na kumgusa hakumtengui wudhuu. Mjukuu wa kiume aliyebaleghe pia ni mahram wa bibi yake. Lakini shemeji si mahram, wala binamu.

Palipo na ngazi za boti na hakuna mahram mwenye nguvu za kutosha, mfanyakazi wa boti aweza kusaidia kwa kadiri ya haja, kwa kizuizi cha nguo au shuka, na mahram akiwepo. Njia bora ni kumbeba na kiti chake bila ya kumgusa mwili.

Kumsafisha mzee: mume au mke ndiye wa mwanzo, kisha mwanamke kwa mwanamke na mwanamme kwa mwanamme. Wakikosekana, mtoto anaruhusiwa kumsafisha mzazi wake kwa haja, avae glavu na asiangalie uchi ila kwa kiasi kisichoepukika. Katika kupanga nani asafiri, hili lizingatiwe kabla ya jambo jengine lolote: kama bibi anahitaji kusafishwa, binti au mjukuu wa kike mzima awemo safarini.

Nyumba ya kufikia

Nyumba ya ndugu au ya kupanga ipimwe kwa futi kamba, isikadiriwe kwa macho. Mambo ya kupima ni haya:

- Mlango wa chumba na wa choo uwe na uwazi wa sentimita 80 angalau. Viti vingi vya magurudumu vina upana wa sentimita 60 hadi 70.
- Kizingiti na ngazi. Kipimo salama cha mteremko ni 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 20 kinataka ubao wa sentimita 240.
- Choo. Kama ni cha kuchuchumaa, tengenezeni kiti chenye tundu cha kuweka juu yake. Maji yafikike kwa mkono akiwa amekaa.
- Chumba kiwe chini, karibu na choo, na taa ya usiku.

Mji Mkongwe una uzuri wake, lakini milango yake mingi ina vizingiti virefu, nyumba zina ngazi za kusimama wima, na vichochoro vingine gari halifiki. Kwa mwenye kiti cha magurudumu nyumba za Ng'ambo au za mashamba, zenye sakafu moja, ni rahisi zaidi.

Katika malazi ya ukoo mzima, wake na mashemeji wasichanganywe chumba kimoja. Watoto wakifika miaka kumi watenganishwe vitanda, kama tulivyofundishwa. Mkodi vyumba vichache vyenye sitara kuliko nyumba kubwa yenye ukumbi mmoja wa kulala.

Matembezi anayoyaweza mzee

Jambo moja kwa siku linatosha, asubuhi au baada ya Alasiri.

Bustani ya Forodhani ina sakafu iliyosakafiwa na upepo wa bahari. Mzee wa Ndungu aliyezoea makonde ya mpunga atakaa pale akitazama vyombo mpaka Magharibi. Msikiti wa kale wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, na watu wazima hufurahi kuona Uislamu ulivyotangulia pwani hii. Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu yake 25 Desemba 2020, basi msiipange bila ya kuulizia.

Ufukweni, mchanga mkavu hauchukui kiti cha magurudumu. Ukanda wa Paje na Jambiani maji yakipwa huacha mchanga mgumu, mpana, na hapo ndipo hesabu ya mwezi inapofaa: asubuhi ya bamvua maji yako mbali na mzee anaweza kusogezwa hadi karibu na maji. Kiti kivutwe kinyumenyume, na mrudi kabla maji hayajaanza kujaa. Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali hivyo, ni pazuri kwa watoto kuoga. Visiwa vidogo kama Changuu mara nyingi hutaka mtu aingie majini kupanda mashua, basi visilazimishwe.

Tafuteni sehemu yenye sitara, mbali na fukwe za wageni. Uchi na michanganyiko haihalaliki kwa kuwa ni likizo.

Na tunasema kwa uwazi: bibi hakuletwa kulea. Tumesikia mara nyingi kuwa wazee walisafirishwa kutoka bara, kisha wakabaki ndani na watoto wachanga huku vijana wakizunguka fukwe. Huo si wema kwa wazazi ambao Allaah Ameuambatanisha na kumwabudu Yeye katika Suratul-Israa (17:23).

Dawa na matibabu

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, za siku zote na ziada ya siku tatu, pamoja na karatasi ya daktari. Insulini isiachwe ndani ya gari lenye jua. Pasipo na friji iwekwe kwenye chombo ndani ya mtungi wa maji. Ulizeni mapema kama kadi ya bima ya mzee inapokelewa visiwani na katika hospitali gani. Jueni hospitali iliyo karibu: Unguja kuna Mnazi Mmoja, na Mkoani, Pemba, kuna Abdalla Mzee. Chakula chetu cha nazi, chumvi na viungo kiwe kidogo kidogo kwa aliyezoea makande.

Gharama

Kuwalisha wazazi wasio na uwezo ni wajibu wa mtoto mwenye uwezo. Kuwatembeza ni ihsani, na kwa wakwe ni wema mkubwa, lakini si wajibu. Basi asikope kwa riba kwa ajili ya likizo, wala fedha za Zakaah zisiingizwe hapa. Ndugu wachangie mapema, aandikwe mweka amana mmoja, na asiye na uwezo asiaibishwe. Anayetoa utumishi wake wa kumhudumia bibi ametoa kikubwa kuliko nauli.

Wasia

Msafiri aandike madeni na amana zake. Kwa mzee liko swali zito zaidi, nalo linataka kujibiwa kabla ya safari: akifariki Unguja, azikwe wapi? Sunnah ni kuzikwa alipofia na kuharakishwa. Wanazuoni wa Kishaafi'iy wametofautiana kuhusu kumhamisha maiti mji hadi mji, baina ya kukataza na kuchukiza. Familia ikilizungumza hili mapema kwa heshima, mzee mwenyewe akiwepo, haitagombana siku ya msiba.

Akiwa hawezi kuja

Baada ya kupima yote haya, huenda jibu likawa bibi hawezi. Hapo familia nyingi hukata tamaa na mwaka hupita. Geuzeni safari: nendeni nyinyi Ndungu. Allaah Amewaondolea uzito kipofu, kiguru na mgonjwa (Suratun-Nuwr 24:61), lakini mwenye miguu mizima hana udhuru wa kukata undugu. Wachukuliwe wajukuu wamwone, walale kwake, wale mchele wa skimu ya Ndungu. Jambo moja la tahadhari: visiwani malaria imepungua sana, na watoto wetu hawana kinga nayo, ilhali Ndungu ni nchi ya majaruba na mbu. Walale ndani ya chandarua kila usiku, na mtoto akipata homa huko au baada ya kurudi apimwe siku hiyo hiyo.

Tunamuomba Allaah Awahifadhi wazee wetu, Awasahilishie wasafiri na Atujaalie wenye kuunga undugu.

Na Allaah Anajua zaidi.